Nilivyomshika Mjukuu Kama Mbuzi wa Chanjo

Wazee wa rika langu hapa Isiolo tuna ujuzi mmoja tunaojivunia bure: kutisha watoto. Mtoto akikataa uji, tunamwambia daktari atamdunga sindano. Akichelewa kulala, sindano. Kisha anaugua, nasi tunashangaa kwa nini analia akiona tu geti la hospitali. Akili gani hiyo? Ni yangu.

Mjukuu wangu aliungua goti kwa chai ya maziwa. Kidonda kilitakiwa kuoshwa na kufungwa upya mara kwa mara, la sivyo ngozi ingekakamaa na mguu usinyooke tena. Binti yangu, mama yake, alikuwa Merti kwa biashara, nikajitwika kazi hiyo. Nilimdanganya mtoto kwamba tunaenda kununua mandazi.

Hospitalini, sista, muuguzi wa chumba cha vidonda, aliniomba nimpakate mtoto na nimwambie ukweli. Mimi, niliyeshika mbuzi wa chanjo tangu utotoni, nikamlaza kitandani, nikambana ubavu kwa goti na kumkamata mikono yote miwili.

"Osha haraka," nikasema.

"Mzee, huyu si mbuzi."

"Mbuzi angekuwa ametulia!"

Wanaume waliokuwa kwenye benchi mlangoni wakacheka, nami nikacheka nao. Majitu mazima tunacheka, mtoto amejikojolea.

Binti yangu aliporudi, hakunigombeza. Alikaa mkekani, akampa mwanawe kitambaa na maji, akanyoosha goti lake mwenyewe. Mtoto akaliosha, akalifunga kwa kipande cha leso.

"Kesho itauma kidogo," akamwambia. "Ukisema simama, sista atasimama upumue."

"Sasa huyu ndiye daktari?" nikadhihaki.

"Baba, nyamaza. Mgonjwa anatibiwa."

Kesho yake tuliondoka nyumbani, mtaa wa Kiwanjani, sote watatu. Kwenye mlango wa chumba cha vidonda mtoto alisita.

"Babu abaki nje."

"Kwa nini?" sista akauliza.

"Atanikalia."

Nikabaki kwenye benchi lile lile la vicheko. Nilimsikia akilia, kisha, "Simama!" Kimya. Baadaye sauti ndogo ikasema, "Haya, endelea."

Goti lilipona na linanyooka vizuri. Lakini hata leo, akijikwaa uani nami nikamnyooshea mkono nimwinue, hutazama kwanza kama kuna mtu mwingine karibu.