Lengalenga za Mlangoni pa Jumba

Jumba lile nje kidogo ya Louisville, Marekani, halijapata kutulia na kazi moja. Tajiri aliyelijenga alifuga farasi kwenye uwanja wake. Alipofariki wakaja masista na shule yao, kisha wacheza gofu. Siku hizi jumba hukodishwa kwa harusi, na kule bondeni, nyuma ya mazizi ya zamani, wakimbizi wamegawiwa vipande vya kulima.

Kostansia, mjane kutoka Uvira, alipata kimoja. Mchana kutwa huogesha wazee wa watu katika nyumba ya kutunzia wazee, na jioni hushuka bondeni kupalilia maharagwe yake. Tangu vita vimtoe kwenye shamba la marehemu mumewe, ni hapo tu moyo wake hutulia. Kipande hicho alikipenda, tena kwa wivu.

Ijumaa moja alipita mlangoni pa jumba akaona lengalenga nyekundu, mchicha wa kwao, zimestawi, hazina mchumaji. Kuuliza si ujinga, lakini kwao nani huomba ruhusa ya kuchuma lengalenga za kando ya njia? Akachuma vilele, akajaza mfuko, na wanakwaya wenzake wakazila kwa bugali na mawese, wakamsifu. Kumbe yalikuwa maua ya harusi ya kesho yake, yaliyopandwa kwa makusudi na kutunzwa tangu Aprili.

Jumatatu, habari hiyo ikiwa imeshamfikia, akaitwa na Claris, Mkenya aliyekuja kusoma kilimo, ambaye sasa ndiye msimamizi wa uwanja. Kostansia alijua tu kwamba atanyang'anywa kipande chake, na sababu ni mboga! Alivaa kitenge cha kanisani, akaenda.

“Mwanangu, unisamehe,” alianza kabla hajakaa. “Niliona mboga. Sikujua ni maua. Nitapanda ingine, ata leo.”

Claris akacheka kidogo, kisha akaacha. “Mama, hiyo ilishaisha. Bibi harusi mwenyewe hakunotice. Nimekuita kwa sababu ingine.” Akatazama dirishani. “Board iliamua tangu February. Mkishavuna, huko chini itakuwa parking ya wageni wa harusi. Mtatoka wote, si wewe tu. Pole sana.”

Maneno yote ya toba aliyoyapanga Kostansia njiani hayakuwa na kazi tena. Hakuwa na wa kumlaumu, hata nafsi yake.

“Bon,” akasema hatimaye, “afazali mungenikasirikia. Ningejua ni kosa yangu.”