Fundi wa Kuze na Mlango Nilioufunga

Habari ilinikuta Malindi, kwa kinyozi, nusu ya kidevu imenyolewa na nusu bado ina povu. "Yule fundi baiskeli wa Kuze katangulia," kinyozi alisema, kama mtu anayetaja bei ya samaki. "Kazikwa jana alasiri." Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba sikai mahali. Niliacha shule mapema, na tangu hapo nimefuata chochote kilichonitia hamu. Katika miaka ya sitini hamu hiyo ilinifikisha kwenye karakana yake, chini ya nyumba moja ya Kuze, mtaa wa kisiwani, nikajifunza kuziba pancha na kunyoosha rimu. Sidai kwamba tulikuwa marafiki. Lakini kuna jambo nililifanya kwake ambalo sijapata kuliandika.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, aliyefikisha miaka kumi na tisa bila kutamka neno. Mamake alikufa mapema. Kijana alikaa karakanani kutwa, akizungusha gurudumu la nyuma la baiskeli ya babake iliyopinduliwa, sikio kaliegemeza karibu, uso umetulia. Ikilia kengele ya ghafla, huziba masikio na kupiga kichwa ukutani. Spana alizipanga kwa ukubwa; ukihamisha moja, siku imeharibika. Leo tungesema ana usonji. Siku zile mtaani walisema ana jini, na nyumba nyingine zilizokuwa na vijana kama yeye ziliwaficha ndani, majirani wakawajua kwa sauti tu. Fundi alitaka wapate mahali pa kufundishwa kazi za mikono. Tajiri mmoja mwenye nyumba mtaa wa Tudor akaahidi chumba, kwa sharti lililoifurahisha baraza nzima: fundi aende Nairobi kwa baiskeli, nchi isikie. "Ukifika kwa miguu yako, ufunguo ni wako," alimwambia. "Ukipanda lori au ukigeuka njiani, hatujuani."

Asubuhi ya safari kichochoro kilijaa watu na moshi wa ubani. "Fundi, simba wa Tsavo watakuonea huruma! Miguu gani hiyo, njiti za kiberiti?" mmoja alimtania. "Wakinila watajichoma fizi," fundi alijibu, watu wakacheka. Kisha tajiri akamvuta kando, karibu na niliposimama. "Na huyo kijana wako? Hapa pana wageni, fundi. Asije akatuharibia shughuli." Fundi alitazama chini. Akatoa kufuli, akanipa, nami nikaenda nikamfungia mwanawe chumba cha nyuma. Nililiona ni jambo dogo. Tukasimama nje, tajiri akahutubia juu ya kuwahurumia vijana wasioweza kujisemea, na mmoja wao yuko hatua kumi nyuma yetu, ndani ya kufuli. Hakuna aliyeona ajabu. Hata mimi.

Fundi alipoondoka tulibaki tukinywa kahawa. Nilipokwenda kumfungulia kijana, kufuli lilikuwa mahali pake, lakini mlango umefunguka upande wa bawaba. Alikuwa amefungua bawaba kwa bisibisi, na skrubu kazipanga sakafuni, kubwa hadi ndogo. Nilijua alikokwenda: gurudumu lake limeondoka, naye kalifuata. Nikakimbia. "Mrefu, hana viatu?" muuza mihogo aliniuliza njiani. "Kapita hapa kaziba masikio, malori yampigia honi. Nduguyo?" Nilipofika Makupa, barabara inayovuka bahari kutoka kisiwani kwenda bara, maji kulia, maji kushoto, malori katikati, kijana simwoni. Kule upande wa Kibarani, kwenye matope, nyayo zilikuwa zimeingia mikokoni. Na maji yalikuwa yanajaa. Nikasimamisha lori lililokuwa likienda bara. "Ukimkuta mtu wa baiskeli, mwambie mwanawe kapotelea Makupa!" Dereva alitaka kufanya mzaha, akaniona uso, akatia gea.

Saa zikaenda, maji yakapanda, nami nikaita jina ambalo kijana hajawahi kuliitikia. Fundi alirudi juu ya lori la mkaa, baiskeli kaikumbatia. Masharti yote mawili kayavunja kwa pamoja, na sidhani aliyafikiria.

"Nani alifunga?"

"Mimi."

"Na kufuli lilitoka kwa nani?" Hakungoja jibu. Nilitaka kujitupa majini, akanishika shati. "Ukimfukuza, ataingia ndani zaidi." Akaipindua baiskeli kando ya barabara, akazungusha gurudumu la nyuma. Lori likapita, likameza mlio wote. Akazungusha tena. Hakuita, hakulia. Alizungusha hadi mimi nikakata tamaa. Ndipo mikoko ikatikisika, kijana akatokea, maji kifuani, macho kayakaza kwenye gurudumu. Akapanda ukingo, akachuchumaa, akaweka sikio. Babake akaendelea kuzungusha.

"Umegeuka," tajiri alisema jioni ile. "Nimegeuka," fundi alijibu, na chumba cha Tudor kikaishia hapo. Siku ya tatu akafunga kiti cha mbao kwenye keria, akaondoka tena, mwanawe nyuma, bila hotuba. Hawakufika Nairobi, goti la fundi lilimkatalia Voi. Lakini Kuze nzima ilitoka milangoni ikamwona kijana yule mchana kweupe, na waliporudi, mama mmoja akaja karakanani kamshika mkono binti yake ambaye mtaa haukuwahi kumwona. Wengine wakafuata. Darasa likaanza pale pale, katika chumba cha nyuma, ambacho hakikurudishiwa mlango.

Siku hizi nahudhuria safari za baiskeli za hisani kwa vijana kama yule, za watu wenye kofia ngumu na fulana za rangi moja. Nawaheshimu, njia ile ya Nairobi nimeiona inavyomvunja mtu. Ila huwaacha wapanda baiskeli nikawatafuta vijana wenyewe, na mara nyingi nawakuta mwisho wa hema la sherehe, na mlezi aliyeagizwa awatoe wakianza kelele. Juzi nilifika Kuze, nimeyakosa mazishi. Kijana yule sasa ana mvi. Nilimkuta akizungusha gurudumu, nikakaa chini kando yake, nikasikiliza. Nilichojifunza kwa marehemu ni hiki: ninapoombwa kumsaidia mtu, kwanza nitazame yeye mwenyewe yuko wapi wakati shughuli ya kumsaidia ikiendelea. Siku ile kijana alikuwa hatua kumi nyuma yangu, na aliyemfungia nilikuwa mimi.