Mayai ya Mama na Jua la Lodwar

Watu wengi wanafikiri kazi ya inkubeta ni kupasha mayai joto. Labda huko Kitale kwenye baridi. Hapa Lodwar shida yetu ilikuwa kuyapoza.

Mjomba, ambaye naishi kwake kwa ajili ya shule, alitengenezewa inkubeta hiyo na fundi mmoja wa mjini. Ni sanduku la mbao lenye dirisha dogo la kioo, balbu mbili, feni ndogo iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu, na kidude kinachoonyesha joto kwa namba nyekundu. Namba inatakiwa ikae thelathini na saba na nusu. Ikishuka, balbu zinawaka. Ikipanda, zinazimika. Fundi alipoeleza hivyo mjomba alifurahi sana. "Kumbe inajifanyia kazi yenyewe!" Lakini mchana, mabati yakishapata moto, balbu zinazimika na namba inaendelea kupanda tu. Balbu unaweza kuzima. Jua utalizimia wapi?

Mayai yalikuwa ya mama. Mama anakaa Kakuma, anauza chai na mandazi, na nyuma ya kibanda chake alikuwa na kuku wakubwa ambao mbegu yao alipewa na jirani yake, mkimbizi Mkongo, kabla jirani huyo hajapelekwa kuishi nchi nyingine. Nimekua nikiwaona kuku hao. Mwaka huu kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku, kikaingia, na haikuchukua muda banda likawa kimya. Kilichobaki ni mayai aliyokuwa amekusanya. Akayaviringisha kwenye nguo kuukuu, akayaleta Lodwar akiwa ameyapakata njia nzima, akanikabidhi mimi.

"Mbona hunipi mimi mwenye mashine?" mjomba akamuuliza.

"Wewe utayakaanga."

Tulicheka, lakini mama hakucheka sana. Aliniambia, "Haya ndiyo yaliyobaki. Nikipoteza haya, hao kuku siwapati tena popote." Nilitikisa kichwa kukubali. Mimi ni mtu wa kutikisa kichwa, maneno hunijia baadaye nikiwa peke yangu.

Asubuhi na jioni niliyageuza na kuongeza maji kwenye sahani iliyo ndani. Mchana tulifunika sanduku kwa gunia bichi, vile watu hufunika jerikeni ili maji yapoe. Gunia likiwa limelowa, namba inatulia. Shida ni kwamba hapa gunia linakauka kabla hujamaliza kusonga ugali. Siku za shule mjomba, ambaye ni mtu wa boda boda, alipita nyumbani mchana kulilowesha. Kuna usiku nilimulika mayai kwa tochi ya simu nikaona mishipa myembamba ya damu, na kwenye moja kitu kidogo kikaruka. Nilimpigia mama hapohapo. Tangu hapo akawa anayaita "watoto wangu".

Zilikuwa zimebaki siku chache yaanguliwe mjomba aliposema asubuhi, "Leo sipiti mchana. Nimepata abiria wa Kalokol." Nililowesha gunia mpaka maji yakatiririka sakafuni, nikaongeza la pili juu yake, nikaenda shule na sketi ikiwa imelowa.

Tulikuwa katika somo la Kemia feni ya dari ilipoanza kuzunguka polepole, kisha ikasimama. Stima zimepotea. Wenzangu wakaguna na kuanza kujipepea na vitabu. Mimi niliona akilini ile feni ndogo ndani ya sanduku nayo imesimama, na joto limekaa tu mle ndani halina wa kulisukuma. Niliinua mkono nusu. Mwalimu akadhani najinyoosha. Nikainua tena.

"Sema."

"Mwalimu, naomba niende nyumbani kidogo."

"Unaumwa?"

Ningesema ndiyo. Sijui kwa nini sikusema ndiyo. "Ni mayai, mwalimu. Yako kwenye mashine, na stima—"

"Mayai?" Alinitazama kama anayengoja sehemu ya pili ya sentensi. "Unataka kuacha Kemia kwa sababu ya mayai?"

"Mwalimu, mruhusu!" mvulana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Anataka kwenda kuatamia!"

Darasa zima likacheka, na mwalimu pia alicheka kidogo, kisha akasema, "Kaa chini, mama kuku." Nikakaa. Masikio yaliniwaka. Mabati juu yetu yalikuwa yanalia ta, ta, vile yanavyolia jua likikolea, na mimi nilihesabu kila mlio bila kunakili chochote kilichoandikwa ubaoni.

Nilipofika nyumbani magunia yalikuwa makavu kama karatasi. Stima zilirudi nikiwa mlangoni, na namba nyekundu zikaniambia arobaini na moja. Nilifungua kifuniko, nikapepea kwa daftari, nikalowesha, nikapepea tena. Nikamulika. Wakati huo kifaranga ameshajaza yai, kwa hiyo unaona giza tu. Giza la aliye hai na giza la aliyekufa yanafanana.

Mama alipiga simu asubuhi yake. "Ejok," akanisalimia kwa Kiturkana. "Watoto wangu wameamkaje?"

"Mama, jana joto lilipanda."

"Mpaka wapi?"

"Arobaini na moja."

"Hiyo ni nyingi?"

"Ni nyingi."

Hakunigombeza. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Alisema tu kwamba anakuja.

Alifika na vumbi la njia bado usoni. Hakunywa chai. Aliomba beseni, akatia maji ya uvuguvugu, akayaweka mayai humo moja moja. Yai lenye kifaranga hai, akasema, litatikisika lenyewe. Tulichuchumaa sote watatu. Maji yakatulia. Mayai yakaelea, yakatulia nayo.

Tulingoja mpaka miguu ikafa ganzi. Moja likatikisika.

"Ni lori limepita," mjomba akasema.

"Nyamaza basi."

Likatikisika tena, bila lori. Baadaye kidogo, lingine. Mama alikaa akiyatazama yaliyobaki, muda mrefu, kana kwamba yana haya ya kutikisika mbele ya watu. Kisha akayatoa na kwenda kuyafukia mwenyewe nyuma ya nyumba. Nilitaka kumsaidia, akasema niache.

Mawili yaliyotikisika hakuyarudisha kwenye sanduku. Kuku wa jirani alikuwa anaatamia, na jirani akakubali. Kuku mmoja hangeweza kufunika mayai yote yale, lakini mawili aliyaweza. Kesho yake mchana nilikwenda kuchungulia. Jua lilikuwa kali, na kuku alikuwa amesimama juu ya mayai, mdomo wazi, mabawa ameyaachia kidogo, ameyafanyia kivuli. Hakuna aliyemfundisha. Nilitamani kulia na sikujua ni kwa sababu gani hasa.

Alitoka mmoja. Yai la pili lilitobolewa tundu dogo, tukasikia sauti ndani, na jioni sauti ikaisha. Jirani alitukataza kulivunja, na pengine hata tungelivunja isingesaidia.

Mama amerudi Kakuma. Kifaranga bado yuko kwa kuku wa jirani. Akiwa tetea, mama atamtafutia jogoo yeyote, na mbegu itaendelea kidogo. Akiwa jogoo pia atajaribu, lakini anataka tetea. Ananipigia kila siku.

"Ni jogoo au tetea?"

"Mama, bado hajulikani. Mpaka akue."

"Kaangalie tena."

"Hata nikiangalia, mama."

"Wewe kaangalie tu."

Nami huenda kwa jirani, nikamshika mkononi, nikamgeuza huku na huku. Ana joto sana kwa kitu kidogo hivyo. Halafu namrudisha, nampigia mama, namwambia bado.