Zaburi ya Ephrasia na Magunia ya Chumbani

Pale kigangoni, juu milimani Mbinga, hakuna aliyewahi kuuliza nani ataimba zaburi. Ni Ephrasia. Mama huyu mkulima wa kahawa akifungua kinywa, hata wanaosinzia mahubiri yote hukaa wima. Ndiyo maana binti yake Hilda, alipokaribia kuweka nadhiri za utawa, aliomba zawadi moja tu: "Mama, siku hiyo uniimbie wewe."

Koo nalo likachagua wakati huo huo kuleta vituko. Kila asubuhi Ephrasia aliamka na kitu kimekwama, akijikohoza mpaka majogoo wakanyamaza. Akianza ubeti, sauti inakatika. Makohozi yalipimwa, kifua kikuu hakikuonekana. Vidonge vya dukani alimeza vya rangi zote. Jirani akanong'ona kwamba kalogwa na wanakwaya wenzake naye Ephrasia, Mungu amsamehe, akaanza kuwatazama kwa jicho la pembeni.

Kule zahanati, tabibu Ildefonsi alimmulika kooni kwa tochi.

"Koo halina kosa, mama. Ni pua. Kamasi zinashuka kwa nyuma, zinadondokea kooni."

"Mbona sina mafua, mwanangu?"

"Pua hutengeneza kamasi kila siku, hata ya mtu mzima wa afya. Zinanasa vumbi, nasi tunazimeza bila kujua. Pua ikichokozwa, zinazidi, ndipo unazisikia."

Ephrasia akagusa pua yake taratibu. Kumbe miaka yote hii kijito kilikuwa kikiteremka kichwani mwake kimya kimya, kikimfanyia usafi, naye hajawahi hata kushukuru! Alistaajabu kuliko siku alipoliona Ziwa Nyasa mara ya kwanza kutoka juu milimani.

"Unalala na nani chumbani?" tabibu akauliza.

"Na Baba Hilda." Akasita. "Na kahawa."

Hapo ndipo penyewe. Kwa kuogopa wezi, kahawa iliyokaushwa hulala na wenyewe mpaka soko lifunguliwe. Mwaka huo magunia yalifika hadi kwenye mto wa kulalia, yananuka ukungu, na kila wakijigeuza vumbi linapaa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mumewe, Placidi, alikuja juu. "Niilaze stoo peke yake ili iibiwe?"

"Baba Hilda, mtoto ameomba sauti yangu, hakuomba kahawa."

Placidi alikunja mkeka wake. Jioni alihamia stoo na magunia yake, panga ubavuni, na huko akapiga chafya za kutosha.

Ephrasia naye akafuata maelekezo ya tabibu ya kuosha pua: maji yaliyochemshwa yakapoa, chumvi kidogo, kichwa ameinamisha pembeni juu ya beseni, mdomo wazi. Maji yaliingia tundu hili la pua, yakatokea lile. "Yesu na Maria!" akapaza sauti. "Kumbe humu ndani kuna njia!" Usiku akainua mto wa kulalia, mchana akanywa maji kwa wingi. Kikohozi hakikukimbia mara moja, kilipungua kidogo kidogo.

Siku ya nadhiri kanisa lilifurika. Ephrasia alisimama. Koo lilitaka kujikohoza kwa mazoea, akalikatalia. Sauti ikatoka, ikapanda, ikafika pale ilipozoea kukatika, ikapita. Wale wanakwaya aliowashuku walisahau kuitikia, wakabaki wanalia.

Hilda, aliyekaa mbele kabisa, alikuwa ameambiwa asigeuke nyuma. Aligeuka.