Itoka Mbili Katikati ya Eka

Mumbi alitoka jikoni na unga wa kukanda mkononi, akakuta chuma kimegongwa kwenye kaburi la mzee wake, pale kichwani.

Eka hiyo ya Kitengela aliinunua pamoja na mumewe Wahome mwaka wa tisini na moja, wakati huku ni nyasi na pundamilia tu. Wahome alipofariki, alizikwa katikati ya shamba, alivyotaka mwenyewe. Mumbi akampandia itoka mbili, yale maua meupe ya jamii ya yungiyungi, moja kichwani na moja miguuni, kwa sababu kwao Wakikuyu mmea huo haung'olewi ovyo. Hakukumbuka kwamba haung'olewi kwa kuwa ni alama ya mpaka. Sasa, miaka mitano baadaye, watoto walikuwa wanagawana shamba, nusu ya Githongo, nusu ya Judy. Githongo alipoona itoka zimejipanga, akamwambia sevea aliyekuja kupima ardhi, "Mama alishatuwekea mpaka. Gonga hapo."

"Githongo, mpaka juu ya baba yako?"

"Si ni wewe ulipanda itoka, Mama?"



Sevea, Mkamba mmoja mwenye maneno mengi aitwaye Ndambuki, akajaribu kupoza. "Shosho, hapa ndio senta kabisa. Hilo neno lilianzia kwa Wagiriki. Ilikuwa fimbo ya ncha, ya kudunga ng'ombe."

"Basi mmemdunga."

"Na kwa neno hafu, yaani nusu, Waingereza wa zamani walimaanisha upande tu. Mambo ya kulingana ilikuja baadaye."

"Wewe ulisomea kupima ama kuongea? Ng'oa hiyo chuma. Songa hatua tatu, uende upande wa Githongo."

"Mama! Nusu yangu itapungua!"

"Itapungua. Chukua tangi langu la maji. Mimi nitachota kwa Judy."

Kitengela hii ya ukame, kutoa tangi ni kama kujikata mkono. Githongo aliangalia tangi, akaangalia kaburi, kisha akainama akaking'oa chuma mwenyewe.

Mumbi alingoja machozi. Hayakuja. Kifua kilikuwa kama mguu uliolaliwa ukafa ganzi, na unga ulikuwa umemkaukia vidoleni. Ndambuki alipomaliza kugonga upya, Mumbi alichukua jembe, akazing'oa itoka zote mbili, akaenda kuzipanda kwenye mpaka mpya, moja kila mwisho. Kaburi likabaki udongo mtupu.

Akarudi kukanda unga.