Siku Nilipoifunika Kompyuta Blanketi

Mara ya kwanza kuona ndani ya kompyuta nilicheka. Nilidhani humo kuna taa nyingi, au picha zimepangwa kama karata. Mwalimu akafungua skrubu, akabandua ubavu wa lile boksi, na tulichokiona ni vumbi. Vumbi jekundu, laini, limelala kama unga uliosahaulika kwenye debe. Nyuma ya vumbi kulikuwa na feni ndogo kama kisosi cha chai.

"Feni ya nini?" nikauliza.

"Mashine inapata joto, Bibi. Ikikosa hewa inakufa."

"Kwa hiyo inapumua."

"Tuseme hivyo."

"Basi hii imekufa kwa kifua."

Mwalimu huyo amepanga chumba katika mji wangu, nyumbani kwangu, tangu alipoletwa kufundisha shule yetu, huku upande wa Segese. Kwao ni Chato. Anakula dagaa na vichwa vyake, lakini michembe haitaki kabisa. Anasema viazi vikavu ni chakula cha panya. Nilimwambia panya wa kwetu wana afya kuliko yeye. Hapo ndipo tulipoanza kuelewana.

Zile kompyuta tano za shule alizitafuta mwenyewe. Aliandika barua, akaenda ofisi za watu akakaa kwenye benchi, akarudi mikono mitupu, akaenda tena. Zilipokuja zilikuwa zimetumika huko zilikotoka, lakini zilikuwa zinawaka. Watoto walizipangia foleni ndefu kuliko ya maji. Mjukuu wangu, binti wa darasa la sita niliyemlea tangu anyonye chupa, alirudi nyumbani akaniambia ameandika barua bila kalamu. Nikamwambia aache uongo.

Shule yetu iko kando ya barabara ya vumbi, malori ya mgodini yanapita mchana kutwa. Kabla ya mwaka kwisha, mbili zikafa, ya tatu ikawa inazimika ovyo. Ndipo mwalimu mkuu akaleta habari: afisa elimu wa wilaya anakuja, na akikuta zinazofanya kazi hazifiki tatu, zote zinakwenda shule ya mjini yenye sakafu ya vigae na madirisha ya vioo. Mwalimu alikaa jikoni kwangu siku hiyo, hakugusa chakula. Mjukuu naye akaninunia kama mimi ndiye afisa.

Ndiyo maana nilikwenda kuangalia lile boksi likifunguliwa. Nilitaka kujua kinachoua.

Na vumbi mimi nalijua. Shule nilifika darasa la tatu, nikatolewa nikachunge ndama, lakini miaka mingi nimefanya kazi kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Pale ukizubaa unakohoa mpaka mbavu zinagongana. Sisi akina mama tulikuwa tunatundika magunia yaliyolowa upande upepo unakotoka, na vumbi linaishia hapo. Nikamwambia mwalimu.

"Bibi, maji na umeme havipatani."

"Sijasema uiogeshe. Gunia linakaa nje ya dirisha."

Akafikiri. Kisha akaniuliza kitu ambacho watu wenye vyeti huwa hawaniulizi: "Na sakafu je? Mwenyewe ungefanyaje?"

Sakafu ya chumba kile ilikuwa saruji iliyobanduka, kila mtoto akikanyaga inatoa moshi. Nikasema ningeisiriba, kama tunavyosiriba uwanja wa kupuria mpunga: udongo wa kichuguu na samadi mbichi, ukikauka hautoi hata chembe. Mwalimu mkuu aliposikia alishika kiuno.

"Kinyesi cha ng'ombe kwenye chumba cha kompyuta? Wageni watasema nini?"

"Watasema hakuna vumbi," mwalimu akamjibu.

Tulikuja akina mama sita na ndoo zetu. Tulisiriba, tukaacha ikauke siku tatu, tukatundika magunia, tukaweka sheria ya kuvua viatu mlangoni. Mwenzangu mmoja akasema amezaa watoto saba na hakuna aliyeandaliwa chumba namna hii. Mwalimu naye alikuwa chini na bisibisi yake, anapiga feni brashi ya meno, na mimi nimechuchumaa pembeni namuuliza. Hii waya inakwenda wapi? Hiki kinachofanana na biskuti ni nini? Mtoto akiandika, maandishi yanakaa wapi? Hakuchoka. Alipokuwa hajui alisema hajui. Ile iliyokuwa inazimika ikapona. Tukawa na tatu kamili.

Siku ya mgeni, mwalimu aliziwasha zote asubuhi, kwenye ile ya dirishani akafungua barua aliyoandika mjukuu wangu ili mgeni aione, akaniachia chumba. "Mimi nakwenda kumpokea. Bibi, usiruhusu vumbi liingie."

Nikakaa kwenye kiti cha mtoto, nimejifunga kitenge kipya. Mara malori yakaanza, moja nyuma ya jingine, nikahesabu manane. Magunia yalikuwa yameanza kukauka. Nikaona vumbi linacheza kwenye mwanga wa dirisha, nikasema leo hapana. Nilikuwa na blanketi langu, nilikuja nalo kwa ajili ya miguu. Nikafunika nalo boksi la kompyuta iliyo karibu na dirisha, nikalichomeka pembe zote chini, kama unavyomfunika mtoto wa homa. Nikatulia. Ilikuwa inanguruma vizuri humo ndani.

Ikanguruma kwa nguvu zaidi. Kisha ikanyamaza.

Kioo kikawa cheusi. Nikabonyeza kitufe nilichomwona mwalimu akibonyeza, kimya. Nikatia mkono chini ya blanketi, boksi lilikuwa la moto kama sufuria. Na viatu vikasikika mlangoni vinavuliwa.

Wakaingia: afisa, mwalimu mkuu, mwalimu, na watoto kumi hivi, mjukuu wangu kati yao. Nikamwamkia afisa kwa adabu, ingawa ni mtoto kwangu, naye akashtuka, akasema, "Shikamoo, mama." Nikaitika marahaba. Akatazama vioo.

"Nimeambiwa tatu. Naona mbili."

Mwalimu mkuu akakohoa. Mwalimu akaangalia kioo, akaangalia blanketi mikononi mwangu, akaelewa. Nilisubiri aseme umeme umekatika. Hakusema.

"Ni mimi," nikasema. "Nimeifunika isipate vumbi. Nimeinyima pumzi, na niliambiwa."

Afisa akafungua daftari lake. Mwalimu akamgeukia mjukuu wangu. "Mweleze mgeni kilichotokea."

Mtoto akasogea mbele, akasema. Kwamba mashine ikifanya kazi inatoa joto. Kwamba feni inalitoa nje, na bibi ameziba njia. Kwamba ndani kuna kitu kinachopima joto, likizidi mashine inajizima yenyewe kabla haijaungua. "Kwa hiyo haijafa," akasema. "Imejiokoa. Tukiipoza itawaka."

"Kwa muda gani?" afisa akauliza.

"Sijui. Mpaka ipoe."

Mwalimu alikuwa ameshaanza kufungua skrubu. Mjukuu akatoka mbio, akarudi na ungo kutoka jiko la shule. Akasimama akaipepea ile kompyuta kama anapepeta mtama, mkono umekaza kama nilivyomfundisha kuzirusha pumba mbali. Hakuna aliyecheka. Afisa akavuta kiti cha mtoto akaketi, magoti yakimfika kidevuni.

Tulisubiri. Lori likapita. Mwalimu mkuu akafungua mdomo, afisa akamwinulia kidole. Mwalimu akaweka kiganja juu ya boksi, akakiacha hapo, kisha akamwambia mjukuu wangu, "Washa wewe."

Feni ikaanza. Kioo kikachelewa, kikachelewa, kikawa buluu. Mjukuu akabonyeza, na barua yake ikatokea, haijapungua hata neno.

Afisa akafunga daftari. Kwanza akauliza sakafu imetengenezwa na nini. Nikamwambia. Akainama, akapitisha kidole, akakitazama, kikiwa safi. "Zibaki hapa," akasema. "Na huyu mwalimu nitamtafuta."

Alimtafuta kweli. Mwalimu aliitwa wilayani na wenzake wachache waliohangaikia mambo ya kompyuta shuleni, wakapewa vyeti, wakapigiwa makofi. Alirudi na cheti ndani ya fremu, akakitundika chumbani kwake juu ya ndoo ya maji.

Sisi tulimtunza kwa namna yetu. Tulikuja na ndoo tukasiriba tena kile chumba, maana mvua zilikuwa zimekwisha, halafu tukamvisha kitenge mabegani na kumpa kuku jike na kikapu cha michembe. Alikula mbele yetu. Alitafuna muda mrefu sana.

"Wabeja, mayu," akanishukuru kwa Kisukuma chetu, kwa lafudhi ya Chato. "Panya wana haki yao."

Nilisubiri ameze. Kisha nikamuuliza kitu kilichokuwa kinanisumbua tangu siku ile ya blanketi. Ilipozimika bila kuaga, barua ya mtoto iliyokuwa kwenye kioo ilijificha wapi, hata tukaikuta bado ipo?

Akaweka kikapu chini, akanyoosha mkono kuchukua bisibisi.

"Twende ukaone," akasema. "Blanketi liache."