Baba Aliniuliza

Siku moja imenikaa kuliko zote, mwanangu, nayo ni siku niliyoulizwa nataka nini. Nakuandikia kwa sababu kukwambia kwa mdomo siwezi. Na sina hakika kama hii ni nasaha au ni machungu yangu tu nakumwagia, utapima mwenyewe.

Tulikuwa tukikaa mtaa wa Kiponda, baba yangu akishona kanzu chini, sisi wanawake juu. Nilikuwa nimemaliza skuli ya wasichana, nimeshawekwa ndani kungoja mume kama wenzangu wote wa wakati ule. Mwalimu wangu, Bi Salma, akaja nyumbani na buibui lake, akamwomba baba aniruhusu niende kusomea ualimu. Nafasi ilikuwapo. Wiki hiyo hiyo ikaja posa kutoka Bububu, ya kijana aliyekuwa karani wa ghala la karafuu. Watu wema, sitowasema vibaya.

Mimi nilitaka ualimu. Nilikuwa nikikuna nazi huku nikiyasema maneno yangu pole pole: "Baba, mimi nataka kusoma." Niliyapanga vizuri, hayana utovu wa adabu.

Baada ya sala ya alasiri baba akapanda ngazi, akasimama nje ya pazia la chumba, akakohoa.

"Rukia."

"Naam, baba."

"Watu wa Bububu wanataka jawabu, na Bi Salma naye anataka jawabu. Mimi sitaki kukuchagulia. Wewe mwenyewe waonaje?"

Shangazi yangu, Bi Mauwa, alikuwa kakaa nami kitandani anatafuna tambuu. Akaninong'oneza huku anacheka: "Thubutu useme. Mwari anayemjibu baba yake mambo ya posa, huyo ana macho makavu. Wataniuliza mimi nimekufunza nini."

Sasa ujue, kwetu mwari akiulizwa habari ya posa akanyamaza, huhesabika amekubali. Nilijua hayo. Nilijua kunyamaza kwangu kutafika Bububu kukiwa ndiyo. Hata hivyo nikainama, nikawa nauvuta vuta uzi wa shuka. Baba alingoja. Alingoja sana, nikiiona miguu yake chini ya pazia. Kisha akasema, "Haya. Mungu atie kheri," akateremka. Shangazi akapiga kigelegele hadi dirisha la jirani likafunguka.

Usimlaumu shangazi. Alisema alivyofunzwa, na kwa mkono hakuniziba mdomo. Mume wangu, yule karani, naye usimlaumu, hakunipiga, hakuninyima. Nilipokuwa nimeshazaa, yeye mwenyewe aliniambia kuwa pale Bububu limefunguliwa darasa la wanawake watu wazima, niende nikitaka. Nikamjibu, "Mie nshakuwa mama wa watu, nikakae darasani na nani?" Na umri wangu ulikuwa haujafika miaka ishirini na tano. Alinitazama, hakulirudia tena. Unaona, niliyojifunza siku ile nyuma ya pazia ni kunyamaza, na nikawa mwanafunzi hodari. Kila nililolitaka, nilingoja mtu alisome usoni mwangu.

Baba alipougua nilirudi Kiponda kumuuguza. Asubuhi moja namlisha uji, akaniuliza tu, bila ya utangulizi, "Siku ile, Rukia, ulikuwa unataka nini?"

Nikamwambia, skuli.

Akausogeza mkono wangu wenye kijiko. "Na mimi nilisimama pale namwomba Mungu useme hivyo. Wale wa Bububu ningewarudisha kwa heshima zao."

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Ningekuambia, ungeichagua skuli kwa ajili yangu. Nilitaka liwe lako."

Uji ulipoa. Hatukulizungumza tena, na mwezi haukwisha tukamzika.

Kabla ya asubuhi ile nilikuwa na pa kuegemea: nikijiambia kuwa wazee ndio walioniamulia. Baada yake sikuwa napo. Huenda ningekwenda nikashindwa, kwani hesabu hazikuwa zikinikaa. Huenda ningekuwa mwalimu mkali asiyependwa na mtoto hata mmoja. Sijui, na linaloniuma ni kwamba sitojua.

Basi shika haya, mwanangu. Ukiulizwa unataka nini, jibu, hata kama sauti inatetemeka, hata kama watakwita macho makavu. Mimi niliungoja ujasiri uje kwanza ndipo niseme, na haukuja. Nadhani ungekuja baada ya neno la kwanza, lakini hapo nakisia, sikujaribu. Na ukinyamaza leo, usidhani yamekwisha. Sema kesho. Sema ukiwa na mtoto mgongoni. Kaa mkeka mmoja na walio wadogo kwako, ujifunze usilolijua. Kosa la nyuma ya pazia naweza kujisamehe, nilikuwa mtoto. La kulikataa darasa, nimejaribu, siwezi. Na ukija kuwa mzazi, usimfiche mwanao kuwa uko upande wake.

Mungu akuweke karibu na watu wenye kukuuliza. Na ikiwa umri wako wote atakuuliza mmoja tu, mara moja tu, basi Mola akujaalie uisikie sauti yako mwenyewe ikimjibu. Amin.